Walisema Nimenenepa

Mwishoni mwa mwaka jana alikuja mteja mmoja kwenye kibanda changu cha cherehani, Kiboriloni. Alikuwa mjamzito wa miezi saba hivi, na aliniletea gauni nililomshonea mwenyewe nimfumulie mbavuni kwa mara ya pili. "Fundi, nanenepa jamani," akasema huku anacheka. "Mume wangu ananilisha huyo!" Nikaweka tepu mezani. Nikamwomba akae kwenye benchi, nikapiga magoti mbele yake, nikambonyeza ugoko kwa kidole gumba. Kidole kikaacha shimo, na shimo likakaa pale pale. Gauni sikulifumua. Nilifunga kibanda, nikampeleka zahanati mwenyewe, yeye akinung'unika njia nzima kwamba fundi gani huyu. Alilazwa siku hiyo hiyo. Leo mtoto wake ananyonya, na ni yeye aliyenibana niandike haya.

Mimi si nesi. Mambo ya figo na mishipa waulizeni wenye kazi yao. Ninachoweza kuwaeleza ni yale yaliyonipata mwaka juzi, nikiwa na mimba ya pili, na nitayaeleza kama yalivyokuwa, hata pale ninapoona aibu.

Naitwa Yasinta. Nimeolewa Kibosho. Mume wangu, Deo, ni mgumu, ndivyo tunavyowaita wanaobeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Akipanda, hatumwoni siku sita au saba, na simu inashika pale inapotaka yenyewe. Tunaishi kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, nyumba yetu na ya mama yake zinatazamana, katikati kuna migomba na mibuni michache.

Mama mkwe wangu anaitwa Filomena. Binti yetu wa kwanza naye anaitwa Filomena, kwa sababu kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na wa pili huchukua jina la mama wa mama yake. Ndiyo maana mwanamke akijifungua, watu hawaulizi mtoto anaitwa nani. Wanauliza, "Kazaa nani?" Alipozaliwa Filo wetu, mama mkwe alisimama mlangoni akawajibu majirani kwa sauti ya kwaya: "Kanizaa mimi!" Tangu siku hiyo ananiita mama. "Mama yangu, nisogezee hicho kigoda." Akitaka kunichokoza mbele za watu ananiamkia kabisa, "Shikamoo mama," nami nakosa pa kuweka uso.

Kwa hiyo mnaelewa mimba ya pili ilikuwa na maana gani kwangu. Mama yangu, Apolonia, alifariki nikiwa kidato cha pili. Sikuwahi kumpikia hata chai nyumbani kwangu. Kipimo cha picha kilipoonyesha ni mtoto wa kike, nilimwambia Deo, "Safari hii namzaa mama yangu." Deo akasema, "Basi na mimi nitamwamkia." Tulicheka sana siku ile.

Mama mkwe naye alikuwa na lake. Mimba ya Filo niliitapikia miezi mingi, nikakonda hadi shingo ikaonyesha mishipa. Wanawake wa jumuiya walimuuliza baada ya misa, "Mama Deo, huyo mkwe anakula nini huko kwako?" Kwetu hilo si swali, ni tusi. Aliliweka moyoni miaka minne. Mimba ya pili ilipoingia, alinishika mkono akasema, "Mama yangu, mara hii hawatanisema."

Na kweli alinilisha. Masika yale yote, mvua ikinyesha mpaka njia ya kushuka barabarani ikawa tope tupu, sikukosa bakuli la mtori wa ndizi na nyama asubuhi, na kiburu jioni, ndizi na maharage yaliyopondwa kwa magadi. Alitenga na kondoo dume, akamfungia kwenye banda karibu na jiko, akawa anamkatia majani mabichi na maganda ya ndizi. Huyo alikuwa wa uzazi wangu. Uzazi, kwa wasioujua, ni ile miezi mitatu baada ya kujifungua ambayo mama hashiki jembe wala ufagio. Anakaa ndani, analetewa supu na mafuta na nyama, anarudishiwa damu aliyoimwaga. Mama mkwe alikuwa akitoka bandani kumpapasa kondoo mgongo, anakuja kunipapasa mimi mashavu. "Wote mnaendelea vizuri," anasema.

Mwanzoni mwa Juni mashavu yangu yalikuwa yamejaa kweli. Miguu nayo. Mimi ni fundi, kazi yangu ni kujua miili ya watu. Nikimpima mtu kiuno leo na akirudi baada ya mwezi, najua kilichoongezeka bila kuuliza. Na mimi mwenyewe nilijipima. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeongezeka inchi mbili na kidole cha pete kilikataa pete hata kwa sabuni. Nikafumua gauni langu la kitenge mbavuni, baada ya wiki mbili nikafumua tena. Nilikuwa na tepu shingoni muda wote huo, na sikuona.

Sikuona kwa sababu kila mtu alinisifia. Sokoni: "Yasinta, umenenepa, umependeza!" Kanisani: "Mama Deo, hongera, mkwe amenawiri." Mama mkwe alikuwa anatembea mbele yangu kutoka misa kama aliyebeba msalaba wa maandamano. Na mimi, niseme ukweli, nililipenda lile neno. Mtu aliyewahi kuitwa mkondefu anajua utamu wake.

Julai shule zinafunguliwa, na kabla ya hapo fundi wa sare halali. Niliikosa kliniki moja kwa sababu ya sketi za bluu. Kichwa kilinigonga mbele, juu ya macho, siku tatu mfululizo. Nikasema ni kuinamia cherehani. Nikaona vimulimuli kwenye kitambaa, nikasema ni uzi mweupe. Tumbo la juu, chini ya mbavu, likaniuma, nikasema mtoto anapiga teke. Kila kitu nilikipatia jibu. Haya ndiyo ninayoyaonea aibu.

Aliyesema kweli alikuwa Filo, na alikuwa na miaka minne. Asubuhi moja ya baridi, ukungu umefika mpaka mlangoni, nilikuwa namfunga kamba za viatu. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaniangalia. "Mama," akasema, "macho yako yameenda wapi?"

Nikaenda kwenye kioo. Macho yalikuwa mistari miwili. Deo alikuwa mlimani siku ya tatu.

Mama mkwe alinisindikiza zahanati, na hakukubali kwenda mikono mitupu, akabeba mtori kwenye chupa ya chai. Nesi alinipima presha, akaangalia namba, akanifunga tena mkanda mkono wa pili. Alitoka nje, nikamsikia anaita gari kwa simu. Hapo ndipo niliogopa. Tukashuka mjini kwenye barabara ile ya mashimo, nimelalia ubavu wa kushoto, kichwa mapajani mwa mama mkwe, na kila shimo yeye alikuwa anasema, "Yesu na Maria, Yesu na Maria," kana kwamba ndiye anayeendesha.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao lililong'aa kwa makalio ya watu. Tulikuwa wanawake saba na wasindikizaji wao. Nesi mmoja wa makamo alikuja kwangu na kichupa cha mkojo wangu mkononi.

"Umevimba tangu lini?" akaniuliza.

Sikuwahi kujibu. Mama mkwe alinitangulia. "Hajavimba, mwanangu. Amenenepa. Namlisha mimi mwenyewe, uliza Kibosho nzima."

Nesi hakumcheka, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Alichuchumaa, akanibonyeza ugoko kwa kidole gumba, akahesabu kimya, akaondoa. Shimo likabaki. Lingeweza kushika punje ya hindi. "Bibi," akasema taratibu, "unene haubonyei hivi. Haya ni maji. Huyu ana presha ya mimba, na imekwenda mbali."

Mama mkwe aliliangalia lile shimo. Aliliangalia mpaka likajaa lenyewe polepole, kisha akavuta kanga yake akanifunika mguu, kama mtu anayefunika kitu asichotaka watu wakione. Chupa ya mtori ilibaki chini ya benchi.

Nililazwa. Siku nane za kwanza zilifanana. Ukiwa wodini wiki haina Jumapili, ina sindano ya asubuhi na sindano ya jioni. Ya kwanza ilinichoma mwili mzima kama niliyekalia jiko, nikadhani nakufa, wakaniambia hiyo ndiyo ya kunizuia nisipate degedege. Taa ya upande wangu walizima, mwanga ulikuwa unanipandisha kichwa. Daktari aliniambia wazi: mtoto bado mdogo, kila siku anayokaa tumboni ni faida kwake na hatari kwangu. Wangejitahidi kunishikilia wiki mbili. Basi nikawa nahesabu. Kila asubuhi nesi aliweka kile kikombe chembamba cha kusikilizia tumboni mwangu, akaweka sikio, na sisi sote wa chumba kile tukanyamaza hata kama hatukuagizwa. Akisema "Yupo," mama wa kitanda cha pili alikuwa anajibu, "Asante Mungu," utadhani ni mtoto wake.

Deo alishuka mlimani akaja moja kwa moja, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. Hakujua akae wapi. Mwisho alikaa chini, sakafuni, akanishika mguu, akauachia haraka alipoona vidole vyake vimebaki pale. Alikuja kila siku. Mama mkwe naye alikuja, lakini hakukaribia kitanda. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni na rozari, uji kwenye chupa, akimpa Deo aniletee. Sikumwita. Nilikuwa na hasira naye, na mtu aliyelala chali bila kazi hasira yake hupata muda wa kukua.

Asubuhi ya tisa nesi aliweka sikio. Akasogeza kikombe. Akasogeza tena. Mama wa kitanda cha pili alikuwa tayari amefungua mdomo kusema asante, akaufunga.

Sitaandika mengi kuhusu kujifungua. Uchungu ni ule ule, hilo ndilo ambalo sikulijua kabla. Mwili haujui. Unasukuma kana kwamba mwishoni kuna kilio. Alizaliwa saa nane mchana, nywele nyingi, pua ya mama yangu kabisa, ile iliyopanuka kidogo matunduni. Mkunga aliniuliza kama nataka kumshika, na alinipa muda, hakunihimiza. Nilihesabu vidole. Nilimwambia maneno fulani ambayo ni yangu na yeye.

Siku zilizofuata maji yalinitoka. Nilikojoa mpaka nikachoka kukojoa, na ngozi ya miguu ikalegea kama soksi iliyokatika mpira. Halafu maziwa yakaja. Hakuna aliyenionya. Mama wa kitanda cha pili aliamka na tumbo lake kubwa, akachukua kanga yake mwenyewe, akanifunga kifua kwa nguvu kama anayefunga mzigo, huku analia yeye na mimi silii. Kama unasoma haya, dada, kanga yako ninayo bado.

Walimzika nikiwa wodini. Deo alinieleza jioni yake. Walimlaza kihambani, chini ya migomba ya nyuma, karibu na babu yake.

"Mlimwita nani?" nikauliza.

Deo akaangalia dirisha. "Hatukumwita. Baba mkubwa alisema mtoto hakupumua. Alisema jina la mtu mzima halizikwi hivyo, tulitunze, atakuja mwingine."

"Na mama yako alisemaje?"

"Hakusema kitu."

Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba mimba nyingine, ikija, itakuwa ya kuviziwa na hatari. Baba mkubwa ni mzee mwema, ndiye aliyempeleka Deo shule, lakini siku ile nilimchukia. Nilimchukia na mama mkwe kuliko wote, kwa ule ukimya wake. Kumbe siku zote sauti anayo.

Niliporudi nyumbani ilikuwa bado baridi, kahawa za kwanza zinaiva. Nilimkuta ameshawasha moto chumbani kwangu, ameshatandika. Filo alikuwa nyuma yake anachungulia. Mama mkwe akaniuliza kama ningekunywa supu, na mimi, badala ya kumwamkia, nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama wa mumewe. "Ulikuwa unanisifia huku nakufa," nikasema. "Ulitaka nisifiwe wewe usemwe vizuri."

Hakujitetea. Alisimama na kata mkononi. Kisha akasema, "Ni kweli," akatoka.

Nikakaa kitandani. Nilitegemea kesho yake niamke, nifagie, wiki ijayo nirudi kibandani, kwa sababu mwanamke asiye na mtoto mikononi uzazi wake ni wa nini? Nje nikasikia sauti ya shangazi yake Deo, amekuja kutoa pole. "Yule kondoo mmuuze tu," alikuwa anasema. "Au mtunze mpaka wakati mwingine. Uzazi ni wa mwenye mtoto."

Mama mkwe akamjibu, na safari hii sauti ya kwaya ilikuwepo. "Kwani huyu katoka wapi, sokoni? Katoka kuzaa. Mzazi ni mzazi, shangazi. Nishikie kamba."

Kondoo alichinjwa mchana ule.

Miezi mitatu alinilea. Sikushika ufagio. Alinikanda mgongo kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa kanga kama alivyonifunga nilipozaa Filo. Mtori ulikuwa hauna chumvi, nesi alikuwa amekataza, na magadi ndiyo kabisa. Alikuwa anauonja mwenyewe kwanza, anakunja uso, ananipa. Na kila asubuhi, kabla ya bakuli, alipiga magoti kwenye sakafu, mwanamke wa miaka sitini na kitu, ananibonyeza ugoko kwa kidole gumba. Anahesabu kimya kama alivyoona nesi akihesabu. Anaondoa kidole, anaangalia. Wiki za kwanza hatukusemeshana chochote zaidi ya hapo. Kuna asubuhi nilimtazama kile kichwa chake kilichoinama, mvi zimechomoza chini ya kilemba, hasira ikanishinda kubeba. Nikamwambia, "Mama, inuka, magoti yatakuuma." Akasema, "Mama yangu, niache nimalize kuhesabu." Tulilia wote wawili, na Filo akatuletea kitambaa cha kufutia vyombo.

Lakini lile la jina lilikuwa bado kooni, na sikulitoa.

Uzazi ukiisha, mama hutolewa nje. Anavishwa vizuri, anapelekwa sokoni, watu wamwone. Nilisema sitaki. Mama mkwe hakubishana. Alilichukua gauni langu la kitenge, lile nililolifumua mara mbili, akaniletea na tepu. "Wewe ndiye fundi," akasema. "Lirudishe." Nikakaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza tangu Julai, nikalirudisha mishono yote mahali pake. Vuli ilikuwa imeanza, mlima umefunguka asubuhi hiyo, mweupe mpaka mabegani.

Tuliingia soko la Kiboriloni tumeshikana mikono. Nilijua litakuja, na lilikuja kabla hata hatujafika kwenye ndizi. Mwanamke mmoja anayeuza mbogamboga, ananifahamu kwa kushona sare za wanawe, hakuwa na habari zetu. Aliona tu mwanamke anayeng'aa, amefungwa tumbo, na mama mkwe ubavuni. Akainuka kutoka kwenye gunia lake akapiga vigelegele.

"Yasinta! Umenenepa! Kumbe ulikuwa uzazi? Aisee hongera! Mama, kazaa nani?"

Nikaangalia chini, kwenye mchicha. Nikasubiri mama mkwe aseme, hatunaye, au aseme, Mungu hakujalia, yale wanayosema watu ili mazungumzo yaishe haraka.

Alinibana mkono. Akajibu kwa sauti ile ile, mpaka wauza nyanya wakageuka.

"Kamzaa mama yake," akasema. "Apolonia. Tumemlaza nyumbani, chini ya migomba, karibu na babu yake. Anaitwa Apolonia."

Yule mama alielewa. Kanga yake ilimwanguka begani na hakuiokota. Pole alinipa, ndiyo, na alinikumbatia sana, ila pole ilikuja ya pili. Kwanza alinishika mikono yote miwili, akaniambia tena, polepole, "Hongera, mzazi."